Picha tatu za tumbo moja: dozi ya mionzi hospitalini na swali ambalo hatuulizi

Shangazi yangu wa Kisauni ana mfuko wa nailoni wa zamani, wa kabla ya marufuku ya 2017, anaouweka chini ya godoro. Si wa pesa. Ndani mna bahasha kubwa za hudhurungi, kila moja na picha yake ya hospitali. Mwezi uliopita aliniita nimsindikize kliniki, maumivu ya tumbo yalikuwa yamemrudia, na tulipokuwa kwenye benchi tukingoja zamu yetu nikaanza kuzitoa bahasha moja moja. Eksirei za kifua nne. Ya goti moja. Za mgongo mbili. Kisha picha za CT za tumbo, ile watu wanayoiita siti skani, tatu. Mbili kati ya hizo tatu zilipishana wiki tatu tu.

"Shangazi, hii ya pili walikwambia ni ya nini?"

"Mwanangu, yule daktari wa pili hakuniuliza kama nina nyingine. Nami sikujua kama yafaa kusema."

Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbuka kwamba ile ya pili niliilipia mimi. Pesa nilituma kwa simu bila kuuliza neno. Kwa hivyo makala haya nayaandika nikiwa mmoja wa waliokosea, si mtu wa kuwanyooshea wengine kidole.

Tuanze na chenyewe kinachozungumzwa. Eksirei ni ndugu wa mwanga wa jua na mawimbi ya redio, ila ina nguvu nyingi zaidi, kiasi cha kupenya nyama na kupungua inapofika kwenye mfupa. Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, aliigundua Novemba 1895, na Desemba ya mwaka huohuo akapiga picha ya mkono wa mkewe, pete ikionekana imening'inia kwenye mfupa wa kidole. Dunia ikapagawa. Madhara yake hayakujulikana bado. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akiijaribu mashine kwa mikono yake mwenyewe siku baada ya siku. Akaungua, akakatwa mikono, akafariki 1904. Edison mwenyewe akaachana na kazi hiyo.

Dozi alizopata Dally hazina uhusiano na zile anazopata mgonjwa wa leo. Hatari ya leo ni ya namna nyingine. Mionzi inapopita katika seli inaweza kukata nyuzi za urithi zilizomo, yaani DNA. Mara nyingi mno mwili huzishona upya bila mwenyewe kujua. Mara chache hushona kombo, na kombo hilo linaweza kuja kuwa saratani baada ya miaka 10, 20 au zaidi. Hakuna maumivu, hakuna kuungua, hakuna dalili siku ile. Ndiyo maana ni rahisi kulipuuza jambo hili, na ni rahisi vilevile kulitia chumvi.

Na chumvi ipo. Nimewahi kuambiwa ninywe maziwa baada ya eksirei ili "kuisafisha". Wapo akina mama wanaoogopa kunyonyesha siku wanayopigwa picha. Eksirei haibaki mwilini. Ukizima taa ya chumbani, mwanga haukai ukutani ukingoja. Ni hivyohivyo mashine inaponyamaza. Tofauti ni vile vipimo ambavyo mgonjwa hudungwa au kunyweshwa dawa yenye mionzi ndani yake, kama PET na picha za mifupa za aina hiyo. Hivyo vina masharti yake, na hospitali hukueleza kabla.

Tena mionzi hatuikwepi hata tusipokanyaga hospitali. Inatoka ardhini, angani, hata katika chakula. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia athari za mionzi inakadiria kwamba binadamu wa kawaida hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo hivyo vya asili. Milisiveti ni kipimo tu, kama tunavyopima unga kwa kilo. Sisi wa Pwani tuna mfano wetu wenyewe: kilima cha Mrima huko Kwale. Wengi tunakijua kwa kaya yake na kwa mivutano ya madini. Wataalamu wa mionzi wanakijua kwa thoriamu iliyomo kwenye udongo wake, ambayo huifanya mionzi ya pale iwe juu kuliko mahali pengine.

Sasa linganisha. Eksirei moja ya kifua ni milisiveti 0.1 au chini ya hapo, sawa na siku chache za mionzi ya asili. Ya meno ni ndogo zaidi. Eksirei ya mgongo sehemu ya kiunoni hufika kama 1.5. CT ya kichwa ni takriban 2. CT ya tumbo na nyonga ni kati ya 8 na 10, na hapo ni kwa mzunguko mmoja tu. Maana yake, shangazi alipolazwa kwenye kitanda kile akaambiwa asipumue, alipata kwa sekunde chache kile ambacho ardhi na anga vingempa kwa miaka mitatu au minne. Na ni sawa na eksirei za kifua 100 hivi.

Sababu ni namna CT inavyofanya kazi. Eksirei ya kawaida ni picha moja, pap, imekwisha. CT hukuzunguka, ikikupiga kutoka kila upande mara mamia, kisha kompyuta ikaunganisha zote na kuutoa mwili vipande vipande kama boflo lililokatwa. Hiyo ndiyo nguvu yake: inaonyesha uvimbe, damu iliyovuja kichwani, kijiwe cha figo, mambo ambayo eksirei haiyaoni. Bei yake ni dozi. Takwimu za kamati hiyohiyo ya Umoja wa Mataifa zinasema dunia ilikuwa ikifanya vipimo vya mionzi vya kitabibu kama bilioni 4.2 kwa mwaka katika kipindi cha 2009 hadi 2018. CT ilikuwa kama kimoja tu katika kila 10, lakini ilibeba asilimia 62 ya dozi yote. Anayetaka kupunguza mionzi kwa wagonjwa hana haja ya kuhangaika na eksirei ya kidole. Aitazame CT.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba dozi ya milisiveti 10 inaongeza uwezekano wa mtu kufa kwa saratani, maishani mwake mwote, kwa kama 1 katika 2,000. Ni makadirio, yamejengwa kwa kushusha hesabu kutoka kwa watu waliopata dozi kubwa zaidi. Kumbuka pia kwamba duniani mtu mmoja katika kila watano hivi hupata saratani maishani hata bila CT. Kwa hivyo kwa mtu mmoja, picha moja yenye sababu, hatari ni ndogo, na kwa mama wa miaka 67 kama shangazi yangu ni ndogo zaidi, kwa kuwa saratani hizi huchukua miaka mingi kutokea. Lakini zidisha kwa mamilioni ya watu, na zidisha kwa picha zisizokuwa na haja, utaona kwa nini wenye taaluma yao wanalihangaikia.

Hapa niseme jambo kabla sijaeleweka vibaya. Mtu akianguka na bodaboda kichwa kikagonga lami, akaanza kusinzia na kutapika, CT ya kichwa haina mjadala. Mzee aliyepooza upande mmoja ghafla asubuhi anahitaji CT upesi, kwa sababu daktari hawezi kutoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kabla ya kujua kama ni kuganda au ni kuvuja, akikosea, anaua. Namjua mtu mmoja mtaani kwetu ambaye familia yake ilichelewa kukubali picha kwa kuogopa "miale". Hofu ile iliwagharimu kuliko mionzi yoyote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayekataa kipimo cha lazima yuko papo hapo.

Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ambayo ipo tangu 1928, haikuweka ukomo wa dozi kwa mgonjwa kama ilivyoweka kwa wafanyakazi wa eksirei. Haikuweka kwa makusudi, maana mgonjwa anaweza kuhitaji picha ya tano na ikamwokoa. Badala yake imeweka masharti mawili: picha iwe na sababu ya kuzidi madhara yake, na ikishakuwa na sababu, itumike dozi ndogo kabisa inayotosha kumpa daktari jibu. Sharti la kwanza liko mikononi mwa daktari anayeandika karatasi. La pili liko mikononi mwa radiografa, yule anayeendesha mashine. Nitaanza na huyu wa pili kwa sababu kazi yake ndiyo tusiyoijua.

Jirani yangu mmoja ni radiografa wa miaka mingi, alianza enzi za filamu na chumba cha giza. Nilimpelekea maswali yangu na chai ikapoa. Alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Zamani, radiografa akizidisha mionzi, filamu ilitoka nyeusi tititi. Haifai kitu. Mkubwa wake anaiona, anamgombeza, anarudia. Filamu yenyewe ilikuwa askari. Leo mashine ni za kidijitali, na tangu kaunti zetu zianze kuletewa vifaa vya kukodi kwa mpango wa serikali ya kitaifa wa 2015, hata hospitali za mbali na Mombasa zimezizoea. Kwenye dijitali, ukizidisha mionzi picha haiharibiki. Kompyuta huisawazisha, tena inatoka safi zaidi, haina chengachenga. Daktari anaisifia. Kesho radiografa anaongeza kidogo tena, na mwaka ukiisha dozi imepanda polepole bila mtu hata mmoja kukusudia. Wataalamu wanakijua kisa hiki dunia nzima. Dawa yake ni namba: mashine huonyesha kwenye skrini kipimo cha mionzi iliyotumika, na kazi ni kuwa na mtu anayezisoma namba hizo kila mwezi na kuuliza kwa nini zinapanda.

Nikamuuliza, basi radiografa mzuri anafanya nini hasa? Akaniambia kwanza ni kubana mwanga. Ukisimama mbele ya mashine ya eksirei utaona mraba wa taa umekuangukia mwilini. Mraba huo ndio unaoonyesha mionzi itapita wapi. Kama picha ni ya kifua na mraba umefunika kuanzia kidevu hadi mapajani, huyo ni mvivu. Ukibanwa vizuri, mgonjwa anapata dozi ndogo na picha yenyewe inakuwa bora, kwa sababu mionzi inayotawanyika ndani ya mwili imepungua. Pili ni kumpanga mgonjwa sawasawa na kumweleza ashike pumzi vipi, maana picha iliyoharibika ni picha ya kurudia, na kurudia ni kuongeza dozi maradufu. Bibi anayezungumza Kigiriama akielezwa kwa Kiingereza cha haraka hatoshika pumzi. Hapo lugha yenyewe imekuwa kinga ya mionzi.

Kwenye CT mambo ni mengi zaidi. Mgonjwa akilazwa nje ya katikati ya duara, mashine inahesabu vibaya ukubwa wa mwili wake na kukosea kiasi cha mionzi. Kama tatizo ni ini, hakuna haja ya kuanza picha kooni. Kubwa kuliko yote ni awamu. CT ya tumbo inaweza kupigwa mara moja tu, au ikapigwa kabla ya dawa ya mshipani, kisha baada yake, kisha tena baada ya dakika kadhaa. Kila awamu ni dozi yake kamili. Yapo maradhi yanayodai awamu tatu, uvimbe wa ini kwa mfano. Lakini kuna vituo ambavyo kila tumbo hupigwa zote kwa mazoea tu, na mgonjwa wa maumivu ya kawaida anabeba mara tatu bila faida. Nilipotazama upya moja ya karatasi za shangazi, ilikuwa imeandika awamu mbili.

Makosa ya kuseti mashine hutokea hata kwa wakubwa. Mwaka 2009 ilibainika kwamba hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, ilikuwa imewapiga wagonjwa zaidi ya 200 waliohofiwa kuwa na kiharusi kwa mionzi mara 8 ya ile iliyokusudiwa. Mashine ilikuwa imebadilishwa seti, na kosa likaenda miezi 18. Namba zilikuwa zikionekana kwenye skrini muda wote. Lililofichua ni mgonjwa aliyelalamika kwamba nywele zinamng'oka.

Kuhusu aproni ya risasi, ile nzito wanayokufunika, nina habari itakayowashangaza wengi. Kwa miaka mingi tumeihesabu kuwa ndiyo kinga yenyewe, na mgonjwa asiyefunikwa huona amedharauliwa. Tangu 2019 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kimeshauri kuacha kuwafunika wagonjwa sehemu za siri kwa kawaida, na Uingereza ikafuata 2020. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani nacho mwaka 2024 kikasema aproni na kola ya shingo hazihitajiki tena kwa picha za meno. Sababu ni kwamba mionzi mingi inayokifikia kiungo kilichofunikwa inatoka ndani ya mwili wenyewe, ikitawanyika, na aproni ya nje haiizuii. Mbaya zaidi, ikiingia ndani ya eneo la picha inaweza kuficha kinachotafutwa, au kuifanya mashine ya kujirekebisha iongeze mionzi ikidhani mwili ni mnene. Mzazi anayemshika mtoto wakati wa picha bado avae. Kwa mgonjwa, kule kubana mraba wa taa kuna maana kuliko kilo tano za risasi.

Watoto ndio ningetaka tukae nao kidogo. Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, mwili wake ni mdogo, na ana miaka 60 au 70 mbele ya kombo lolote kujitokeza. Utafiti uliochapishwa Uingereza 2012 uliwafuatilia zaidi ya watu 170,000 waliopigwa CT utotoni au ujanani, ukaona ongezeko la saratani ya damu na uvimbe wa ubongo kadiri dozi ilivyopanda. Mwaka 2023 ukatoka mwingine wa nchi kadhaa za Ulaya, wa watu karibu 950,000. Hesabu yao: katika kila watoto 10,000 wanaopigwa CT moja kwa dozi za siku hizi, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kutokana na picha hiyo ndani ya miaka 12. Ni wachache sana. Lakini mzazi wa yule mmoja hatoliwazwa na hesabu, hasa ikiwa picha haikuhitajika.

Na mara nyingi haihitajiki. Msimu wa maembe ukifika, watoto wetu hupanda na kuanguka. Mzazi hukimbia hospitali akidai kichwa kipigwe picha sasa hivi. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 42,000 waliogonga kichwa, wakapata vigezo rahisi. Mtoto wa zaidi ya miaka miwili ambaye hajapoteza fahamu, hatapiki, hana maumivu makali ya kichwa, akili yake iko sawa, hana dalili za kuvunjika fuvu kwa chini, na hakuanguka kutoka juu sana, hatari ya kuwa na jeraha kubwa la ubongo ni chini ya 1 katika 1,000. Huyo hahitaji CT. Anahitaji kuangaliwa saa kadhaa. Akianza kutapika au kuzubaa, mambo yamebadilika na picha inapigwa bila kusita. Kwa chini ya miaka miwili vigezo ni tofauti kidogo, kwa hivyo mzazi usijipimie nyumbani, mpeleke. Ila daktari akikwambia "tumwangalie kwanza", usimwone hajui kazi. Huenda ndiye anayeijua.

Mtoto akihitaji CT kweli, swali ni moja: mashine imesetiwa kwa mtoto? Kumpiga mtoto wa kilo 12 kwa seti ya baba wa kilo 80 ni kumpa mionzi asiyoihitaji hata chembe. Kampeni ya Image Gently ilianza Marekani 2008 kwa jambo hilihili, na Afrika tuna AFROSAFE, iliyoanzishwa na wataalamu wa picha wa bara letu 2015, inayosisitiza mambo hayahaya kwa watu wa rika zote.

Mja mzito aseme mapema, hata kama ni shaka tu ya siku kuchelewa. Hiyo haina maana kwamba hawezi kupigwa picha. Eksirei ya kifua humfikishia mtoto tumboni mionzi isiyofika hata sehemu 1 ya 1,000 ya kiwango kinachotia wasiwasi. CT ya nyonga ni kesi nyingine, na hapo altrasaundi au MRI huangaliwa kwanza, kwa kuwa zote mbili hazina mionzi ya namna hii kabisa. Altrasaundi ni sauti, MRI ni sumaku.

Nirudi kwa yule anayeandika karatasi, na kwetu sisi tunaomshinikiza. Tuwe wakweli. Mtu akitoka hospitali na vidonge tu, nyumbani huambiwa: "Hata picha hawakukupiga?" Picha imekuwa ushahidi kwamba umehudumiwa. Mgongo ukiuma wiki moja kwa kubeba magunia Kongowea, tunataka eksirei au CT, ilhali ushauri unaokubalika ni kwamba maumivu ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, kama miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, homa, au historia ya saratani, hayahitaji picha katika wiki sita za mwanzo. Mengi hupungua yenyewe. Picha ikipigwa itaonyesha kuchakaa ambako kila mtu wa miaka 50 anako, na mgonjwa ataanza kutibiwa kuchakaa.

Upande wa pili, wapo madaktari wanaomtuma mgonjwa kituo fulani cha picha kwa sababu kuna kitu kidogo kinarudi. Mimi binafsi niliwahi kuambiwa na karani wa kituo kimoja, nitakiacha bila jina, nisisahau kutaja nani kanituma "ili hesabu yake isipotee". Sikuelewa siku ile. Mambo haya hayapimwi kwa milisiveti, lakini ndiyo yanayozijaza.

Sheria tunayo. Ya Kinga dhidi ya Mionzi ilikuwapo tangu miaka ya 1980, na 2019 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia iliyounda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mionzi, KNRA. Kituo chochote cha eksirei au CT kinatakiwa kiwe na leseni. Ni haki yako kuuliza iko wapi. Sijawahi kumwona mtu akiuliza, na mimi pia sikuwahi hadi mwaka huu.

Lakini swali lenye faida kubwa ni jepesi zaidi, na unaweza kumwuliza daktari kwa adabu zote: daktari, picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Kama jibu ni kwamba ikionyesha hivi tutapasua na ikionyesha vile tutatoa dawa, twende. Kama jibu ni "tuone tu", unaweza kuendelea: je, altrasaundi haitoshi? Kisha mwambie picha ulizo nazo. Hili la mwisho ndilo linalotuangusha sisi watu wa Pwani kuliko yote, kwa sababu tunahamahama. Tunaanza Lamu au Malindi, tunateremka Mombasa, tunapanda Nairobi, na wenye uwezo au waliochangiwa wanafika India. Kila kituo kinaanza upya. Picha ya CT iko kwenye diski au kwenye kompyuta ya hospitali, na karatasi tunayopewa ni maelezo tu. Daktari anayefuata anataka kuziona picha zenyewe. Omba diski kabla ya kuondoka. Omba na ukurasa wa dozi, ambao mashine nyingi za CT huuhifadhi pamoja na picha. Andika tarehe juu ya bahasha. Diski isikae chini ya godoro wala kwenye dashibodi ya gari juani, na ukiweza mpe kijana wa nyumbani ainakili.

Siku ile kliniki, zamu ya shangazi ilifika saa saba kasoro. Daktari alikuwa kijana, akamwita mama, akamsikiliza, akavuta karatasi kuandika. Nikaona anaandika herufi mbili zile. Shangazi akanitazama. Nikauweka mfuko mezani na kumwomba radhi daktari, nikamwambia zipo tatu za tumbo, ya mwisho ya miezi minne iliyopita, na diski yake hii hapa.

Hakukasirika. Aliitia diski kwenye kompyuta, ikakwama, akaitoa akaipangusa kwa koti lake, ikasoma. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema kijiwe cha nyongo kilikuwa kinaonekana pale tangu zamani, kidogo, hakuna aliyekitaja kwenye maelezo. Akaichana ile karatasi akaandika nyingine, ya altrasaundi, shilingi chache, chumba cha pili kulia.

Njiani kurudi, kwenye matatu, shangazi aliukumbatia mfuko wake magotini. Akaniuliza kama zile bahasha za goti anaweza kuzitupa sasa. Nikamwambia bado, shangazi, zikae.